Maandishi ya Upande wa Chini

Jiwe la mashapo likiwa la zamani sana halisomwi kwa juu. Anayetafuta habari za viumbe waliopita kabla mifupa na magamba hayajawa jambo la kawaida duniani hulipindua bamba la jiwe-mchanga, hulifuta vumbi, kisha hungoja jua lishuke ili mwanga uje kwa ubavu, kwa sababu habari zenyewe ziko tumboni mwa jiwe. Zamani hizo mnyoo alitoboa tope la sakafu ya bahari, akatafuta chakula, akaondoka. Dhoruba ikaleta mchanga, mchanga ukajaa katika kila kijishimo alichokiacha. Juu yake kukaja tope jingine na mchanga mwingine, uzito ukaongezeka, vyote vikawa mawe. Leo lile tope lililogeuka mwamba laini limeliwa na mawimbi na baridi, na ule mchanga mgumu uliolala juu yake unaonyesha, upande wake wa chini, njia yote ya mnyoo ikiwa imetuna. Palipokuwa tundu sasa pana uvimbe. Pengo la siku moja limekuwa kitu ambacho kidole kinaweza kukipapasa.

Msomaji wa jiwe la namna hiyo hujikuta amepiga magoti, paji la uso likiwa karibu na ardhi. Sisemi kwamba anasali. Huenda anaiwaza chai yake inayopoa. Lakini mwili una namna yake ya kujua mambo kabla ya moyo, na sijaweza kuitazama picha ya mwanajiolojia katika mkao huo bila kufikiri kwamba zipo elimu ambazo haziji mpaka mtu ashuke.

Mahali ninapopawazia ni Fortune Head, jabali lililo ukingoni mwa bahari kwenye rasi ya Burin, kusini mwa kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Mwaka 1992 Umoja wa Kimataifa wa Sayansi za Jiolojia uliridhia kwamba hapo, katika tabaka moja mahsusi, mita 2.4 juu ya kitako cha sehemu ya pili ya miamba iitwayo Chapel Island, ndipo kipindi cha Kambria kinapoanzia kwa dunia nzima. Chini ya mstari huo ni Ediakara, na viumbe wake laini ambao wengi wao hawafanani na chochote kilicho hai leo. Juu yake ni zama ndefu ya wanyama tunaoweza kuwatambua kwa ukoo: wenye miguu na macho, wenye magamba, na baadaye wenye uti wa mgongo. Sisi nasi tumo humo. Na alama iliyochaguliwa kuwa kitambulisho cha mlango huo haikuwa mfupa wala kome. Ni njia ya mnyoo.

Washindani walikuwapo. Siberia ilikuwa na magenge yake kwenye mto Aldan, China ilikuwa na yake Meishucun katika jimbo la Yunnan, na kote huko kulikuwa na vigamba vidogo vidogo vya kuonyesha. Mjadala ulikwenda miaka mingi. Kasoro ya vigamba ni kwamba vina masharti: hubaki zaidi kwenye mawe ya chokaa, na palipokuwa na bahari ya mchanga na tope mtu atatafuta mpaka achoke. Njia ya mnyoo haikuchagua hivyo. Imeonekana Pakistani, Uswidi, Namibia, Australia, na kwenye majangwa ya magharibi mwa Marekani.

Alama yenyewe ni ndogo, upana wake milimita chache. Mnyoo alisafiri ndani ya tope, chini kidogo ya uso wake, na kila baada ya mwendo mfupi alipandisha kichwa, akaonja, akarudi, akasogea, akapandisha tena. Kwenye jiwe unaona vipande vifupi vilivyopinda, kimoja kikianzia karibu na kilipoishia kingine, mara vyote upande mmoja, mara kulia na kushoto kwa zamu, mara nyingine mfululizo mzima ukizunguka kama aliyebadili nia. Mjerumani Adolf Seilacher aliipa jina mwaka 1955, kutokana na mawe ya Safu ya Chumvi huko Pakistani. Aliiita Phycodes pedum. Leo inaitwa Treptichnus pedum. Jina hilo ni la kitendo, mnyama hamo. Elimu ya nyayo za mawe ina adabu ambayo naipenda sana: alama hupewa jina lake yenyewe, na kiumbe ambaye hakuna aliyemwona hasingiziwi. Mwili wa mnyoo huyu haujapatikana pamoja na kazi yake. Mwaka 2010 watafiti walieleza jinsi walivyowaweka minyoo wa baharini wa kundi la priapulida kwenye tope la maabara, na minyoo hao wakachora kitu kinachofanana sana na alama hiyo. Wakaishia hapo, kwenye kufanana.

Kina mama wanaochokoa pweza maji yakipwa, Unguja na Pemba na kwenye miamba ya Kilwa, wangeielewa kazi hii bila kufundishwa. Hawamtafuti pweza; wanatafuta nyumba yake. Magamba ya kaa na makombe yaliyotupwa mlangoni, vijiwe vilivyosogezwa kuziba tundu, mchanga uliofagiliwa upande mmoja, vyote vinasema kama mwenyewe yumo, au alihama jana, au hili ni tundu la zamani lisilostahili kuinamiwa. Mama anasoma umri wa nyumba kwa mtupo mmoja wa jicho. Tofauti ni kwamba yeye ana kijiti mkononi na baada ya dakika moja atajua kama alisoma sawasawa.

Wasomi wa mawe hawakuwa na kijiti. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 michoro ya aina hii iliaminiwa kuwa mwani uliogeuka jiwe, ikahifadhiwa kwenye makabati ya mimea. Mwaka 1881 Mswidi Alfred Nathorst aliwaacha wanyama hai watambae juu ya tope na plasta, akaonyesha kwamba mingi ya hiyo “mimea” ilikuwa ni miguu na matumbo ya wapita njia. Mwaka huohuo Charles Darwin, akiwa amebakiwa na miezi michache ya kuishi, alichapisha kitabu chake cha mwisho, na kilihusu minyoo wa ardhini na udongo wanaoupindua. Sidhani kama wawili hao waliagana. Lakini nimekaa na sadfa hiyo mara nyingi: mzee aliyeitikisa dunia kwa habari za asili ya viumbe, anamalizia na mnyoo.

Mimi humsoma mnyoo wa Fortune Head kama kiumbe aliyetoka kutafuta riziki. Hakutaka kuweka alama. Hakujua kwamba kuna miaka, wala kwamba itahesabiwa. Alikuwa na njaa, na njaa ikamwongoza juu, chini, mbele. Tumezoea kufikiri kwamba zama hufunguliwa na wakubwa: kwa vita, kwa ufalme mpya, kwa kitabu. Mlango mmoja mkubwa kabisa katika kalenda ya dunia umefunguliwa na tonge. Ninapolisema hili kwa marafiki, wengine hucheka, wakadhani namtania binadamu. Hapana. Naona kwamba Mola, aliyechukua dhamana ya riziki ya kila kitambaacho, ameruhusu utafutaji wenyewe uwe wino.

Swali la wanajiolojia ni gumu kuliko hilo langu. Kwa nini kuiamini njia kuliko mwili? Jibu lao limenipa mengi ya kufikiri. Gamba hubebwa. Mto unaweza kulichimbua kutoka mwamba wa kale, ukalilaza katika mchanga mpya, na anayelikuta akadanganyika kwa mamilioni ya miaka. Mifupa huviringishwa, huchanganywa, hukusanywa na mafuriko mahali ambapo mwenye mifupa hakuwahi kufika. Tundu halihami. Ukijaribu kulisogeza likiwa bado tope, linakufa, halipo tena. Kwa hiyo aliyepita hapa alipita hapa hasa, siku ambayo tabaka hili lilikuwa bado linaoshwa na maji. Mwili unaweza kusema uongo kuhusu mahali pake na wakati wake. Kitendo hakiwezi.

Mimi hufikiri juu ya hili katika hitima. Tunapomsomea marehemu Yasini, sura inapita mahali ambapo tunakumbushwa kwamba kinachohifadhiwa si matendo ya mtu peke yake, bali na alama alizoziacha nyuma. Wafasiri wamezieleza kuwa ni mwenendo, mwema au mbaya, ambao wengine waliufuata. Wengine wamezichukua kwa maana ya karibu kabisa: hatua za miguu. Imepokewa kwamba Banu Salima, waliokaa mbali na msikiti wa Madina, walitaka kuhamia karibu, na Mtume akawaambia wabaki kwenye majumba yao, kwani hatua zao zinaandikwa. Umbali waliouona kuwa hasara ulikuwa ndio daftari lenyewe. Mwili utatiwa kaburini na kaburi litasawazishwa. Pwani yetu imejaa makaburi ambayo hakuna ajuaye ya nani. Ila kule kwenda na kurudi, alfajiri na giza, mahali palepale, kwa miguu ileile, kulitokea mahali pake na hakuna mto utakaokuhamisha.

Nisiifanye alama kuwa zaidi ya ilivyo. Nyingi ya nyayo za mawe hazisemi wakati wowote. Tundu la kawaida la kusimama wima kwenye mchanga limechimbwa na viumbe wa namna nyingi tangu Kambria hadi jioni ya leo, na mwamba wenye matundu hayo peke yake hauna tarehe. Tena mnyama mmoja huacha alama tofauti akipumzika, akitembea, akila. Na wanyama wasiohusiana kabisa huacha alama moja. Kwa kawaida nyayo hueleza hali ya mahali, kina cha maji, ugumu wa tope, wingi wa hewa, kuliko kueleza mwaka. Ili alama iweze kushika wakati ni lazima iwe tata kiasi cha kutochanganywa na nyingine, na iwe ilizuka, au ilidumu, ndani ya muda unaojulikana.

Mfano ulio wazi zaidi, na hapa Seilacher alionyesha jicho lake, ni mifereji pacha iitwayo Cruziana, iliyochimbwa na trilobiti, wanyama wa bahari wa kale wenye magamba, kwa safu mbili za miguu. Jina hilo linamkumbuka jenerali Andrés de Santa Cruz wa Bolivia, heshima ya ajabu kidogo kwa mwanajeshi. Mikwaruzo ya kucha ndani ya mifereji hutofautiana: mingine iko kwa jozi, mingine ni mafungu, mingine imekatizana. Kwenye mawe-mchanga ya kale ya kaskazini mwa Afrika na Arabia magamba ya trilobiti yaliyeyuka zamani, hakuna mwili hata mmoja, lakini mikwaruzo imebaki. Na mwaka 1970 Seilacher alichapisha namna ya kuyapangia mawe hayo umri wake kwa mikwaruzo hiyo tu. Hata kwenye miamba ya Amdeh, katika milima iliyo nyuma ya Maskati, Cruziana imo. Wengi wenye jamaa Omani wamepita kwenye mabonde hayo wakienda kwenye harusi na msiba, na mlimani pembeni mwao kuna kucha zilizokwaruza tope la kipindi cha Ordovisi, kilichofuata Kambria.

Hilo la alama zisizo na tarehe linanifariji zaidi kuliko linavyonivunja moyo. Mama anayemfunika mtoto kanga usiku hajaacha dalili ya karne yake. Anayechimba kisima, anayemsindikiza mgeni hadi njiani, anayekaa kimya kando ya mgonjwa, wote wanafanya jambo lililofanywa kabla na litakalofanywa baada, na mpangaji wa matabaka hatawatumia. Huenda sehemu kubwa ya maisha mema iko hivyo. Haifungui zama yoyote.

Na mnyoo wetu, je, alifanya jema? Kabla yake sakafu ya bahari ilifunikwa na utando wa vijidudu, mgumu kiasi, na wengi wa viumbe wa Ediakara waliishi juu yake au kwa msaada wake. Wanyama wa wakati huo waliojongea walitambaa zaidi kwa usawa, juu ya utando au chini yake kidogo. Waliotoboa kwa wima walileta maji na hewa ndani ya tope, wakachanganya kilichokuwa kimetulia, na utando ukaanza kurudi nyuma. Seilacher na mwenzake Friedrich Pflüger, mwaka 1994, waliyaita mageuzi hayo mapinduzi ya kilimo. Wapo wanaoona kwamba wachimbaji hawa walichangia kuwaondoa viumbe wa Ediakara, na wapo wanaotafuta sababu kwingine. Inatosha kusema kwamba kutafuta riziki kwa mmoja kulivunja sakafu ya nyumba ya wengine, na hakuna aliyekusudia. Sijui la kufanya na jambo hilo ila kulikumbuka wakati wa kuomba riziki iliyo pana.

Kuna na habari ya mstari wenyewe. Miaka michache baada ya kuridhiwa, watafiti waliorudi Fortune Head kwa jicho jipya waliikuta alama ileile mita kama nne chini ya mahali palipotangazwa kuwa mwanzo wake. Mlango ulikuwa umewekwa ndani ya nyumba. Tangu hapo yamependekezwa marekebisho, na wapo wanaotaka mpaka utafutiwe mahali pengine na kipimo kingine. Kwangu hilo ni sawa kabisa. Mwezi mwandamo nao, kwa desturi yetu, huanza pale unapoonekana. Haukungoja macho yetu kuzaliwa, ila sisi hatuna pa kuanzia kufunga ila pale tulipouona. Aliyeuona baadaye mahali pengine hakumtukana aliyetangulia kutangaza.

Msomaji wa Tanzania atakuwa amekwisha kuwaza Laetoli. Huko, mwaka 1978, timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano, miaka milioni 3.66 iliyopita. Ila Laetoli ni kinyume cha Fortune Head. Kule majivu ndiyo yaliyozipa nyayo tarehe. Huku nyayo ndizo zinazoupa mwamba wakati, na wakati huo hauna tarakimu: unasema tu kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Mnyoo anajua zamu, hajui mwaka.

Mwaka umetoka mbali, na umetoka pahala ambapo sikutarajia. Mstari wa Fortune Head haukujaliwa majivu ya kupima. Majivu yalipatikana chini ya jangwa la Omani, katika miamba ya Ara iliyotobolewa na visima vya mafuta, yakiwa na chembe za zirikoni zilizofungia urani ndani yake tangu volkano ilipozitema. Urani hugeuka risasi kwa mwendo unaojulikana, na hesabu ikatoa miaka milioni 542, kisha ikanolewa ikawa 541. Kuunganisha kisima cha Omani na jabali la Kanada kulitaka daraja, nalo lilikuwa mtikisiko wa kaboni wa bahari za wakati huo, ambao mawe ya pande mbalimbali za dunia yameuandika. Baadaye majivu ya kusini mwa Namibia yakaishusha tena. Chati ya kimataifa leo inaandika milioni 538.8.

Mbele ya tarakimu hiyo huwekwa alama ya kuongeza na kupunguza, miaka 600,000 kila upande. Binadamu wa aina yetu, kwa mifupa ya Jebel Irhoud huko Moroko, wana miaka kama 300,000. Kila aliyewahi kuswali au kukataa kuswali, kila lugha, mji na kaburi, vyote vingeingia ndani ya ule ukingo wa shaka wa namba moja na visionekane. Hesabu yenyewe itasahihishwa tena. Imekwisha kusahihishwa mara kadhaa, na wapimaji hawaoni haya. Zamu ndiyo ngumu zaidi kuibadili. Chini kuna waliolala juu ya utando wao. Kisha huyu, akipandisha kichwa na kurudi. Na trilobiti wa kwanza, wenye macho ya kumwona, walikuwa bado miaka kama milioni 17 mbele yake.